Sitengenezi Pete ya Mtu Asiyeliona Jiwe

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Najua mlimaanisha vema, lakini mtu anayeacha kazi ukimpa saa ni kama umemwambia ahesabu zilizobaki. Nimeitundika jikoni. Inachelewa, na mimi pia nachelewa, kwa hiyo tunaelewana.

Basi kabla vidole havijasahau, nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye benchi. Mambo ya vyeo nayaruka, maana karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: mwenye duka, na wengine wote. Nitasema ya mawe, ya picha, na ya Bibi Aikande wa Mamba, kule mlimani, ambaye habari zake mmezisikia vipande vipande na kila anayesimulia anaongeza chumvi. Mimi nilikuwepo. Chumvi yake mwenyewe inatosha.

Nilishuka mjini kutoka Kibosho nikiwa msichana mwenye mwandiko mzuri, na hiyo ndiyo sifa pekee iliyoniingiza dukani kwa Mzee Hirji. Alikuwa sonara, mtoto wa sonara, mzaliwa wa Moshi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kwetu tulisema Kichagga. Kiswahili tulikiweka kwa ajili ya shule na polisi.

Siku ya kwanza hakunionyesha koleo wala moto. Alimwaga mawe ya rangi juu ya karatasi nyeupe akaniambia nichague lililo zuri kuliko yote. Nikachagua tanzanaiti, bluu iliyokolea. Akayabeba mpaka mlangoni, kwenye mwanga wa nje, akasema nichague tena. Pale nikaona la kijani limeyapita yote. Akayarudisha ndani, akawasha balbu ya zamani ile ya njano, na lile la bluu likageuka zambarau kama limebadilishwa mfukoni. Nikachagua jingine kabisa.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Vizuri. Mteja naye haelewi. Ila wewe kesho utarudi kazini, yeye atakwenda nyumbani na pete."

Ndiyo masomo yote niliyopata wiki ile. Mengine nilifundishwa na kibano. Kibano cha mawe kinataka mkono mwepesi. Ukibana kama unang'oa jino, jiwe linaruka. La kwanza kuniruka lilitua kwenye kikombe cha chai cha katekista mmoja aliyekuja kurekebishiwa pete. Alilinywa, akalipata kwa ulimi, akalitema kwa heshima kwenye kitambaa, akauliza kama siku hizi tunatumia sukari guru. Mzee Hirji alimjibu kwamba hiyo ni ya wageni maalumu. Sijui katekista aliamini nini, lakini kila alipokuja tena aliomba maji.

Picha zilianza kwa sababu ya mlima. Wageni walikuwa wanashuka na midomo iliyopasuka na mapenzi mapya. Mlima una tabia hiyo, mtu akikosa hewa anaanza kufikiria ndoa. Wanaingia dukani, wanataka pete ya kutengenezewa, kesho yake wanapanda ndege. Wakifika kwao wanaandika: tuonyeshe jiwe. Mzee Hirji akanunua kamera ya filamu, akanikabidhi mimi kwa hoja kwamba mwenye mwandiko mzuri lazima ana picha nzuri. Filamu ya kwanza nzima ilitoka studio ikiwa na ukungu wa bluu, na katika picha moja, kidole changu, kimetoka vizuri sana.

Nilijifunza kwa kukosea. Karatasi nyeupe pe inaidanganya kamera, jiwe linatoka jeusi; tumieni ya kijivu. Jiwe lisimamisheni kwa nta kidogo, kisha lifuteni, maana alama ya kidole inayofichika jichoni inaonekana kwenye picha kama barabara ya vumbi. Msivae nguo nyekundu siku ya kupiga picha. Jiwe ni kioo kidogo, litaipiga picha blauzi yako, na mteja atadhani ameuziwa yakuti. Na kitabu alichonacho mwenye duka, kinachosema tumieni mwanga wa dirisha la kaskazini, kimeandikwa na mtu wa Ulaya ambako jua haliji upande huo. Hapa kwetu dirisha la kaskazini linatazama mlima, na nusu ya mwaka jua nalo linahamia huko huko na kukuchoma usoni. Mimi nilitundika shuka jeupe jembamba mlangoni. Wateja waliuliza kama tuna mgonjwa.

Kamera zilibadilika, mwisho ikawa simu, na simu ni mwongo aliyesoma. Inaipenda bluu kupita kiasi. Tanzanaiti yenye zambarau ndani yake, simu inaiosha inakuwa bluu tupu, na mteja akiipokea anasema sio yenyewe. Ndiyo maana nikaweka utaratibu wangu: kila jiwe picha mbili, moja ya mchana mlangoni, moja chini ya balbu, na zote mbili mteja azione kabla sijawasha moto.

Utaratibu huo ulitokana na mwongoza watalii mmoja wa Marangu. Alikuja jioni, akachagua ganeti nyekundu kama divai chini ya balbu, akakataa katakata kungoja asubuhi kwa sababu yeye, alisema, amezoea kuona kwenye ukungu. Mchumba wake alivishwa hotelini kwenye taa za njano, akalia kwa furaha. Asubuhi akatoka nje, jiwe likawa la kijani. Ni aina ya ganeti inayobadilika, nadra na nzuri sana, lakini binti hakuja dukani kusikia habari za unadra. Alikuja na mama yake. Mama mtu alisema kijana anayebadilisha jiwe usiku atabadilisha na vingine. Nililazimika kuwaingiza wote watatu stoo, kuwasha na kuzima balbu kama mganga, mpaka mama akanyamaza. Ndoa ipo hadi leo. Nasikia mama mkwe ndiye anayeivaa pete Jumapili.

Sasa Bibi Aikande.

Mzee Hirji alikuwa ameshafariki, duka liko kwa mwanawe, na mimi ndiye niliyeshika mawe na picha. Asubuhi moja waliingia wazee wawili. Mwanaume alikuwa mrefu, ana koti la suti na viatu vya mpira vya shambani. Mwanamke alikuwa mfupi, kitenge kimenyooka, ameshika mkono wa koti la mume kwa vidole viwili, kama mtu anayekagua kitambaa.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mama," akajibu mzee. "Mimi ni Nderingo, natoka Mamba. Huyu ni mke wangu. Desemba tunafanya jubilei ya ndoa kanisani, watoto wote watapanda nyumbani. Nataka umtengenezee pete. Yenye jiwe la rangi. Achague yeye."

"Mimi sijasema nataka pete," akasema Bibi Aikande, akiiangalia rafu badala yangu. "Ila kama ni lazima, isiwe takataka."

Nilimkalisha mlangoni kwenye mwanga mzuri, nikamtolea tanzanaiti. Akaishika, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Rangi ya maji ya kukoshea kahawa," akasema.

Nikamtolea ganeti ya kijani, safi, imekatwa vizuri mno.

"Hii imechacha."

Nikamtolea spineli ya Mahenge, nyekundu inayoelekea waridi. Hii, nilijiambia, hakuna mwanamke anayeisema vibaya. Akaigeuza geuza.

"Hii kidogo," akasema. "Lakini ina uvivu."

Katika miaka yangu yote nimesikia jiwe likiitwa hafifu, lenye ufa, lenye ukungu. Uvivu nilikuwa sijakutana nao. Nikaanza kumwogopa kidogo, na kumheshimu. Nilidhani nimepata yule mteja mmoja ambaye kila sonara anatishiwa naye, mwenye jicho kali kuliko fundi.

Walirudi mara kadhaa. Kila safari nilikuwa nimeazima mawe mapya kwa madalali, kila safari aliyatukana kwa lugha mpya. Mzee Nderingo alikaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini. Binti yao, Neema, alikuwa ananipigia simu kutoka Dar es Salaam.

"Mama Tumaini, samahani, mama anakusumbua?"

"Anachagua."

"Yaani nitumie tu picha, mimi nitachagua kutoka huku, tumalize."

Nilimwambia nitatuma. Sikutuma. Pete ya mama haichaguliwi na kundi la simu.

Siku ile iliyobadilisha mambo, nilikuwa sina jiwe jipya la kumpa mkononi. Dalali alikuwa amekataa kuniachia, akaniruhusu nipige picha tu. Nikamwambia Bibi Aikande leo tutaangalia picha, nikikuza atayaona vizuri zaidi. Nikakaa karibu naye, simu mbele yake, nikaanza kusukuma kwa kidole. La kwanza akalikataa. La pili akalikataa. Kidole kikateleza, zikapita picha za mawe, ikatokea picha ya ndama wa jirani yangu, aliyezaliwa na sikio moja jeupe. Amesimama kwenye majani, anatutazama.

Bibi Aikande akaisogelea simu, akakunja uso.

"Hili afadhali," akasema. "Ila wamelikata vibaya huku chini."

Nilimtazama Mzee Nderingo. Aliitazama simu, akanitazama mimi, kisha akaanza kuchunguza dari kama anataka kuinunua. Baadaye akasimama, akasema anakwenda kutafuta betri za redio.

 Alipotoka, nikaizima simu.  Katika kazi hii unafundishwa kumwambia mtu jiwe lake ni kioo, lakini hufundishwi hili.

"Umeniona," akasema Bibi Aikande.

"Nimekuona, mama."

"Ilikuwa nini ile picha?"

"Ndama."

Alicheka, kicheko kifupi cha puani, kisha machozi yakamtoka bila yeye kuhangaika kuyafuta.

Akanieleza. Macho yalianza kufifia taratibu, kama mtu anayepunguza utambi. Sasa alikuwa anaona mwanga na vivuli, na nyekundu kidogo ikiwa juani. Nyumbani hakuhitaji zaidi. Kihamba chake alikijua kwa miguu na mikono, kila shina la mgomba, kila kona ya zizi. Nyasi za ng'ombe alizikata kwa kupapasa. Kilichomtisha si giza. Kilichomtisha ni watoto. Jirani yake, macho yalipokufa, wanawe walikuja na gari zuri na maneno mazuri, wakamchukua Dar.

"Yuko ghorofani," akasema. "Wanampenda, sikatai. Ana kitanda kikubwa. Nilipompigia simu aliniambia siku nzima anasikiliza lifti ikipanda na kushuka. Amezijua sauti zake. Mtu aliyekuwa na ng'ombe watatu, leo anafuga lifti."

"Mzee anajua?"

"Yule? Haoni kitu yule. Na wewe usimwambie."

Nikaahidi. Sikuwa na namna nyingine; alikuwa amenishika mkono, na vidole vile vilikuwa na nguvu kuliko koleo langu.

Siku chache baadaye Mzee Nderingo alikuja peke yake, na mkungu wa ndizi begani. Akauweka chini, akakaa, akavua kofia.

"Mama Tumaini, mke wangu amekuambia?"

"Kuniambia nini, mzee?"

"Basi amekuambia."

Nikajishughulisha na taa ya benchi.

"Nilijua tangu alipotia chumvi kwenye chai ya mchungaji," akasema. "Tangu siku ile mimi ndiye ninayeandaa sukari. Njia ya kwenda zizini nimeiondolea mawe. Tukifika kwenye mfongo, pale maji yanapokatiza, napiga mluzi, naye anajua hapo aruke. Anadhani napenda kupiga mluzi. Sipendi."

"Kwa nini humwambii kwamba unajua?"

"Nikimwambia huoni, atasema anaona, kisha atakwenda kwenye mfongo peke yake ili anionyeshe. Unaujua umri wake huyu mwanamke? Na kichwa chake? Nikawaza, nimpeleke mahali ambapo hawezi kujificha. Kwako kazi ni macho."

Nilimwangalia. Miezi yote ile nilikuwa nimeazima mawe ya watu, nimekula matusi ya rangi ya kahawa, kumbe mimi nilikuwa mtego wa panya.

"Kwa hiyo pete ni uongo?"

"Pete naitaka kweli," akasema, akakasirika kidogo. "Mimi si mwongo kiasi hicho."

Nikamuuliza kama wamekwenda hospitali. Akasema hapo ndipo penye kikwazo. Mkewe ana habari kamili za upasuaji wa macho, amezipata kwenye foleni ya maziwa na humsimulia kama mambo ya watu wengine: wanalitoa jicho, wanalisuuza, wanalirudisha, na daktari akiwa na haraka analirudisha kinyume, unabaki unaona ndani ya kichwa.

Safari iliyofuata walipokuja wote wawili, nilikuwa nimejiandaa. Bibi Aikande aliketi, akanyoosha mkono apewe jiwe la kutukana. Sikumpa.

"Mama, kuna sheria hapa karakanani," nikasema. "Sitengenezi pete ya mtu asiyeliona jiwe."

 Mume wake akaikamata kofia.

"Sheria hiyo imeandikwa wapi?"

"Ukutani."

"Nisomee."

Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la mbolea, ina picha ya mahindi. Nikaiendea, nikasoma kwa sauti ya kanisani: "Ni marufuku kwa fundi kumtengenezea pete ya jiwe la rangi mtu yeyote ambaye hajaliona jiwe hilo kwa macho yake mawili, mchana, mlangoni." Nikaongeza: "Kwa amri." Sikusema amri ya nani.

Mzee Nderingo alikohoa mpaka akatoka nje.

Bibi Aikande akasogea karibu nami, sauti ikashuka. "Uliahidi."

"Sijamwambia mtu. Lakini mama, ukienda mwenyewe ukarudi unaona, watoto wakipanda Desemba watakuchukua kwa sababu gani? Ukingoja, watakukuta hivi. Neema si mjinga. Ukimpokea kwa kukumbatia nguzo ya kibaraza, atajua."

Hilo lilimwingia. Akazungusha ncha ya kitenge. Kisha akauliza, taratibu, kama ni kweli kwamba wanalisuuza.

Nilimweleza kama ninavyojua, na mimi ninajua kwa lugha ya benchi tu. Nikamwambia ndani ya jicho kuna kito kidogo, kisafi, kazi yake ni kupitisha mwanga. Chake kimeingia ukungu. Ndio huo wanaouita mtoto wa jicho. Daktari anafungua kidogo sana, anakitoa chenye ukungu, anaweka kisafi. Pete haivunjwi. Ni kubadilisha jiwe tu.

"Na kama ana mkono mzito?"

"Wenye mikono mizito hawawekwi huko, mama. Wanakuja kwetu, wananywesha watu mawe."

Nikamsimulia habari ya katekista. Alicheka kweli kweli, mara ya kwanza. Mzee Nderingo aliposikia kicheko akachungulia mlangoni, na uso wake sitausahau. Alikuwa kama mtu aliyesikia redio iliyokufa siku nyingi ikiwaka yenyewe.

Alikubali kwenda hospitali. Wakamfanyia jicho moja, wakangoja, wakamfanyia la pili. Sikwenda hospitalini, nilikaa benchi nikivunja visu vya msumeno kimoja baada ya kingine, mpaka mwenye duka akaniuliza nina nini. Nikamwambia nangojea mteja achague.

Alikuja kahawa zikiwa zinaiva. Safari hii yeye alitangulia, mume akafuata nyuma akihema. Alisimama mlangoni, akalitazama duka lote kutoka kushoto kwenda kulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona una vumbi hivi?" Akageukia ukutani. "Na sheria iko wapi? Mimi naona mahindi."

"Imefutwa, mama."

"Hm." Akamwangalia mume wake. "Na huyu nimemkuta amezeeka. Niliacha kijana. Hakuna aliyenitaarifu."

 Mzee Nderingo alikuwa anatabasamu, macho kwenye viatu vyake.

Nilimweka mlangoni, nyuma ya shuka jeupe, nikampangia mawe yote juu ya karatasi ya kijivu. Hakuyagusa. Aliyatazama moja moja, na alipofika kwenye ya bluu akaweka kiganja kifuani.

"Kumbe bluu bado ipo," akasema.

Nikampa muda. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto nimwekee jiwe juu ya kidole, kama tunavyofanya, ili aone linavyokaa kwenye ngozi. Nikaliweka. Lakini hakuliangalia jiwe. Aliuangalia mkono. Mishipa, vifundo vilivyovimba, kovu la panga karibu na dole gumba, ngozi iliyopasuka. Akaugeuza, akaugeuza tena.

"Huu mkono ni wa nani?" akauliza. Hakuwa anatania.

Mzee Nderingo akainuka kwenye benchi, akaja, akauchukua mkono ule akauweka juu ya wake, ambao haukuwa na hali bora.

"Ni wa mke wangu," akasema.

Nilikwenda kutafuta kitu stoo. Sikukipata, kwa sababu hakikuwepo.

Niliporudi walikuwa wanabishana kuhusu jiwe, kwa hiyo mambo yalikuwa sawa. Nilimwambia ukweli wa kifundi: tanzanaiti ni nzuri lakini ni laini, mkono unaokata nyasi na kukamua utaikwangua hata mwaka hautaisha. Akasema yeye havui vua, akivaa amevaa. Basi safaya, nikamwambia, ndiyo inayovumilia. Nilikuwa na safaya za bluu kadhaa, na nikasogeza mbele zile zilizokolea, ambazo madalali huzishika huku wamezuia pumzi. Akazirudisha kwa ncha ya kidole.

"Hizi zimezidi kuwa bluu mpaka zimekuwa nyeusi," akasema. "Mimi nimetoka gizani juzi tu."

Akachukua moja iliyokuwa pembeni, kutoka Umba, ya bluu nyepesi. Madalali wangeiita imefifia, na mimi nilikuwa nimeileta kujaza karatasi. Akaiinua kwenye mwanga. Mwanga ukapita ndani yake wote, ukaangukia shavuni kwake, doa dogo la bluu linalotetemeka. Yeye hakuliona doa hilo. Mumewe na mimi tuliliona.

"Hii," akasema. "Hii haifichi kitu."

Niliitengeneza kwa ukingo mzima kuzunguka jiwe, bila vikucha, kwa sababu vikucha hunasa nyasi. Kipimo kilinisumbua: kidole chembamba chini, kifundo kinene, ukitosheleza kifundo pete inazunguka, ukitosheleza kidole haipiti. Nikachagua katikati, nikaomba Mungu. Kabla ya kuikabidhi nikaipiga picha, ya mchana na ya balbu, mkononi mwake. Vitabu vinasema tumieni mkono laini au msitumie mkono kabisa. Ile ya mchana ndiyo niliyomtumia Neema. Akajibu: "Mama ameonaje?" Nikamwandikia: "Vizuri sana." Wakati ule hakujua nimejibu swali gani.

Desemba nilipanda Mamba. Kanisa lilijaa, mnajua Desemba ilivyo, hata waliohamia mbali kabisa wanarudi kuonyesha magari. Neema alikuwa ameshaambiwa na mama yake mwenyewe kwamba macho yaliugua na yamekwisha kupona, nukta, bila nafasi ya maswali. Bibi Aikande alitembea mwenyewe hadi mbele, hakushika koti la mtu.

Mchungaji akambariki, akaibariki pete, akampa Mzee Nderingo. Pete ikafika kwenye kifundo ikakwama. Jana yake bibi alikuwa amekatazwa kazi, na akamenya ndizi za sherehe nzima peke yake. Vidole vilikuwa vimevimba. Mzee akasukuma kwa adabu. Nikaanza kutokwa jasho kwenye kiti changu, nikiona watu wananigeukia. Ndipo Bibi Aikande akaupokonya mkono wake, akakitia kidole mdomoni mbele ya mchungaji, kwaya na wazee wa kanisa, akakilowesha vizuri, akamrudishia mumewe. Pete ikapita.

Mzee Nderingo akaomba kusema neno, akapewa kipaza sauti. Alisema siku walipofunga ndoa hakuwa na pete. Aliazima ya dada yake mkubwa, wakaapa nayo, na kabla ya chakula dada akaifuata, bibi arusi akaivua pale mezani. Akasema amekaa na jambo hilo tangu siku ile, na leo amelimaliza. Akamaliza, lakini hakukishusha kipaza sauti.

Bibi Aikande aliinua mkono akaliangalia jiwe. Alidhani anamnong'oneza mumewe. Kanisa zima lilisikia.

"Mwambie dada yako hii haitoki," akasema. "Hata kwa sabuni."

Mchungaji alisubiri kicheko kiishe ili aendelee na ibada. Alisubiri sana, kwa sababu dada mwenyewe alikuwa kiti cha mbele, mwanamke mzee wa fimbo mbili, na ndiye aliyeanza kucheka na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha.